Vigingi Vitatu Vikavu

Emiliana alikuwa na miaka kumi na saba, na jina ambalo prefe, mwalimu wa nidhamu wa shule yao ya bweni, pale Gitega, alilitamka kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Ndiye aliyeuvisha soksi ulimi wa kengele ya alfajiri, shule nzima ikakosa misa na kumshukuru Mungu ikiwa kitandani. Ndiye aliyemkalisha mbuzi wa mpishi kwenye kiti cha mwalimu wa hesabu, na walioshuhudia wanasema siku ile darasa lilitulia kuliko kawaida. Kila alipomaliza kazi aliacha sahihi yake: kizibo cha soda kilichokwaruzwa herufi E kwa msumari. Mtundu asiyetia sahihi, alisema, hana tofauti na mwizi.

Msichana huyu aliyezoea kuwakosesha wengine usingizi, mwezi wa kumi na moja akapoteza wa kwake. Aliyempokonya ni uzio wa shule.

Ilikuwa Jumamosi ya kazi za umma, asubuhi ambayo Burundi nzima hushika jembe, na wanafunzi walipewa kuziba pengo la uzio nyuma ya jiko. Fimbo nene mbichi zililetwa mafungu mafungu. Emiliana akachukua moja, akakimbia nayo jikoni, akauchomeka mguu wa ile fimbo, yaani ncha ya chini, kwenye makaa mpaka ukawa mweusi kama sufuria ya maharage, akarudi nayo akitabasamu kama mtu aliyetenda jema kwa mara ya kwanza maishani.

"We Emiliana, unafanya nini?" akauliza Jannat.

Jannat alikuwa rafiki yake, binti wa mzee Nurmohamed mwenye duka la vitenge mjini. Yeye halali bwenini. Jioni hurudi kwao.

"Nazuia mchwa. Nguzo isipochomwa mguu, mchwa wanaila. Hata mtoto mchanga anajua."

"Mtoto mchanga wa wapi?"

"Wa kwetu. Baba hasimamishi hata kijiti bila kukichoma kwanza. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania wote walifanya hivyo."

Jannat alicheka mpaka akaegemea jembe. "Alors umeua mti, ma chère. Hii si nguzo, hii ni umuvumu. Unaichomeka mbichi, inatoa majani yenyewe. Uzio ya bibi yangu yote ni umuvumu, toka mi sijazaliwa. Sasa ukiunguza mguu, itatoa mizizi na nini? Na masikio?"

Ndivyo ilivyotokea kwamba kitukuu wa mfanyabiashara aliyekuja kutoka India na marobota ya nguo alimfundisha binti wa vilima vya Buhinyuza mti wa Buhinyuza. Lakini Emiliana hakuwa na nafasi ya kuona aibu. Alikuwa akiitazama ile fimbo mkononi mwake, mguu mweusi, kichwa kibichi. Fimbo za namna hii alikuwa amekwisha kuzichoma. Tatu. Mwezi wa tisa. Kwao.

Kisa kilikuwa hivi. Juu kidogo ya zahanati ya kilima chao, maana kule kilima ndicho kijiji, huko Buhinyuza upande wa Muyinga, kuna chemchemi. Maji yake yanaingia kwenye bomba, yanashuka hadi zahanati na shule ya msingi, na kilima kizima kinakunywa hapo. Tarafa ikatoa amri: kila chemchemi ya kunywa iwekewe mpaka wa kuizunguka, na ndani ya mpaka huo pasilimwe, pasichungwe, pasifuliwe, pasipulizwe dawa. Madamu Theodosia, afisa wa mazingira wa tarafa, alikuja na kamba ya kupimia na mzigo wa vigingi vibichi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Akavisimika kwa mviringo kuizunguka chemchemi. Vitatu kati yake vikapita katikati ya matuta ya nyanya ya Urbano, baba yake Emiliana.

Urbano na mkewe Kasilda walikuwa Giteranyi kwenye harusi. Nyumbani alikuwapo Emiliana peke yake, akingoja shule zifunguliwe.

"Mwambie baba," Madamu Theodosia alisema, "matuta yote kuanzia hapa kwenda chini kwenye maji, ayaondoe kabla ya mvua. Hili si ombi, ni amri. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Madamu."

Mteremko ule ndio pekee uliobaki katika mashamba ya babu. Waliporudi kutoka Tanzania walikuta mengine yote yana watu, nyumba, migomba na watoto wa watu. Urbano alionyeshwa mteremko akaambiwa, huu ni wako. Alishika udongo akautia mfukoni mwa koti, na Kasilda alipolifua koti lile alipata matope. Emiliana alikuwa mdogo, lakini anayakumbuka matope.

Kwa hiyo Madamu alipoondoka tu, Emiliana aling'oa vigingi vitatu. Akataka kuvisimika huko chini karibu na maji, kupita tuta la mwisho, ili matuta yote yabaki nje ya mpaka. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa baba yake, na kazi mbovu aliichukia, alivipeleka kwanza jikoni akavichoma miguu. Mpaka wa uongo nao ulistahili kulindwa na mchwa. Akavisimika, na chini ya kila kigingi akaweka kizibo chake kimoja. Kisha akanawa mikono akapika ugali.

Baba yake aliporudi alisimama mbele ya vile vigingi, akavua kofia.

"Mama Emiliana, njoo uone. Wangeweza kupita katikati, na nani angewauliza? Wamezunguka. Serikali imeniona."

Tangu siku hiyo amri ile haikuwa na rafiki kama Urbano. Alifukuza mbuzi za watu. Alikemea waliofua nguo juu ya chemchemi. Walipotafutwa wajumbe wa kamati ya maji, jina lake lilikuwa la kwanza. Nyanya zake alizipulizia dawa mpaka kwenye vigingi, na kupita hapo hata jani moja hakugusa. Emiliana alirudi shuleni akiwa na furaha ya msanii ambaye kazi yake imetundikwa mahali pazuri.

Na sasa mvua zimenyesha. Vigingi vyote vya chemchemi vitakuwa vimetoa majani, isipokuwa vitatu.

Kuanzia Jumamosi ile hakukalika. Darasani mguu wake ulicheza chini ya dawati mpaka jirani yake akahama. Bwenini alijigeuza kitandani hadi chaga zikalia. Alianza utani katikati akausahau; alimfunga prefe kamba moja tu ya kiatu, jambo ambalo prefe mwenyewe aliliona la kusikitisha.

Jumatano akaomba simu ya Jannat, akampigia baba yake.

"Mwanangu!" Urbano alisema kwa furaha. "Umepiga siku njema kweli. Jumamosi hii Madamu Theodosia anakuja na watu wa tarafa kukagua chemchemi. Nimeombwa niseme maneno mawili mbele ya kilima kizima, kama mfano. Mfano, Emiliana!"

"Baba, vile vigingi... vikoje?"

"Vipo. Vingi vimeota majani, sijui ndiyo kawaida ya miti ya huku. Vya kwangu vimekauka vizuri, imara kabisa. Ila kuna maneno. Watu wanasema maji yananuka dawa. Jirani yetu Kadidja anapita akinitazama vibaya. Nikamwambia, dada, mimi niko nje ya mpaka, nenda ukahesabu hatua wewe mwenyewe. Nitalisema hilo pia Jumamosi."

"Baba, usiseme."

"Kwa nini nisiseme?"

Emiliana alijua la kusema. Maneno yalikuwepo, manne au matano, mepesi. Akachagua mengine.

"Utakohoa," alisema. "Kuna baridi."

Alipokata simu Jannat alikuwa amekunja mikono.

"Maji yananuka dawa," Emiliana akasema. "Zahanati inakunywa yale maji, Jannat. Watoto wa shule wanakunywa."

"Na we unakaa hapa unanitolea macho. Ijumaa baada ya sala Tonton Kamran anapeleka lori ya chumvi na sabuni Muyinga. Donc, unapanda ama hupandi?"

Ijumaa, wanafunzi wasiolala bwenini walipotoka, Emiliana alipita getini katikati yao akiwa amejifunga mtandio wa Jannat mpaka puani. Mlinzi alimsalimu kwa salamu ya Kiislamu, naye akaipokea kwa unyenyekevu ambao shule ile haijawahi kuupata kutoka kwake. Kwenye mto wa kitanda aliacha kizibo, ili prefe asijisumbue kutafuta mhalifu.

Kamran, mdogo wake mzee Nurmohamed, alimtazama alivyopanda lori lake.

"We mtoto, iko na ruhusa?"

"Ninayo, Tonton."

"Ya nani?"

"Ya dhamiri yangu."

"Dhamiri ndiyo directeur mpya wa shule pale?" Akawasha lori. "Bon. Mi sikukuona. Nilipakia chumvi, chumvi ikaanza kusema."

Njia yote ya Karuzi mguu wa Emiliana haukutulia.

"Tuliza hiyo kitu, utanitoboa gari. Kuna nini huko nyumbani? Mtu amekufa?"

"Bado."

Kamran hakuuliza tena. Walifika Muyinga jioni, akamkabidhi kwa dada yake Sheliza, ambaye alimlisha wali, akamkemea kwa lugha tatu, na alfajiri akamtafutia mwendesha baiskeli wa kumbeba hadi Buhinyuza.

Mpango wa Emiliana ulikuwa mzuri, kama mipango yake yote. Angefika kabla ya watu. Angeng'oa vigingi vikavu, akate vipya vibichi, avisimike palipopimwa, na kumwambia baba yake baadaye, siku moja, labda atakapokuwa na wajukuu. Kitu kimoja hakukikumbuka: leo pia ni Jumamosi ya kazi za umma. Walipofika kilima cha pili kutoka kwao, walikuta watu wamejaa barabarani wakichimba mitaro, na mtu mmoja mwenye kofia ya mamlaka akasimama mbele ya baiskeli.

"Shuka. Saa za kazi za umma hizi. Jembe lile pale."

"Baba, nina haraka, kwetu kuna—"

"Kwenu kuna kazi za umma pia. Shuka."

Mwendesha baiskeli alichukua jembe akipumua kama aliyepewa kifungo. Emiliana alichukua la kwake, akachimba kwa bidii iliyomfurahisha yule mwenye kofia, akachimba akisogea, akasogea mpaka kwenye migomba, akalilaza jembe chini polepole na kutimua mbio.

Alipotokea juu ya chemchemi kilima kizima kilikuwa pale. Mitaro ilikwisha kuchimbwa, watu wameegemea majembe. Vigingi vilikuwa vimezunguka chemchemi vikiwa na vichwa vya majani mabichi, kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza siku ya picha. Na kule chini, karibu na maji, vilisimama vitatu vikavu. Mbele yavyo alisimama Urbano, ndani ya lile koti lake, kofia mkononi.

Hakuwa anatoa hotuba.

"Nilipima kutoka kwenye jiwe lile," Madamu Theodosia alikuwa akisema. "Hapa sikufika. Vuteni kimoja tuone."

Kijana mmoja akakivuta kigingi. Kikatoka bila ubishi. Mguu wake ulikuwa mweusi.

Watu wote wakamtazama Urbano, kwa sababu kilimani pale kila mtu alijua ni nyumba gani huchoma miguu ya nguzo. Walikuwa wamemtania kwa hilo miaka yote.

"Eeh, mfano wetu!" akasema Kadidja, jirani wa chini ya bomba, mwanamke ambaye hakuhitaji kipaza sauti. "Mi nilisema maji inanuka, mkaniambia pua yangu ni mubaya. Mtu anatukemea kufua nguo, kumbe anatunywesha dawa ya nyanya!"

"Dada Kadidja, sikugusa."

"Mti umejichoma wenyewe?"

"Naapa sikugusa. Nilivikuta hapa. Nilisema, serikali imenio..." Hakumaliza.

"Nilimwambia binti yako uyaondoe matuta," Madamu Theodosia akasema. "Anayehamisha mpaka wa chemchemi anatoka kwenye kamati, na shamba lake lote linalopakana linafungwa. Si matuta tu, shamba lote. Amri ndivyo inavyosema, na ulikuwepo iliposomwa. Wewe ndiye uliyepiga makofi kuliko wote."

Urbano alitazama mteremko kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayetafuta mahali pa kuushikia.

"Ni mimi," Emiliana akasema.

Watu wakageuka. Alikuwa na matope mpaka magotini na mtandio wa Jannat umening'inia shingoni.

"Nilivihamisha mimi, siku ile ile vilivyosimikwa. Baba alikuwa Giteranyi. Ujumbe wa Madamu sikuufikisha. Yeye hajui kitu."

Mtu mmoja akacheka, akafuata mwingine.

"Emiliana tena!"

"Huyu si yuko shule Gitega? Amekuja kutuchezea."

"Mtoto anamwokoa baba," akasema Kadidja, safari hii bila kupaza sauti. "Ni vizuri, mwanangu, mi sikulaumu. Lakini toka lini we umesema neno moja ya kweli hapa kilimani?"

Hapo Emiliana akaelewa, akiwa na miaka kumi na saba, jambo ambalo prefe wa nidhamu alikuwa akimhubiria tangu darasa la saba bila kufanikiwa. Alikuwa ametumia uongo wote wa dunia kwa kuwachekesha watu, na sasa kwenye duka la ukweli hakuna aliyemjua. Akanyoosha kidole kwenye shimo la kigingi.

"Chimbeni chini ya shimo," akasema. "Kina cha kiganja. Mtakuta kizibo. Na chini ya hivi viwili, vingine."

Kijana akaingiza mkono kwenye shimo, akakwangua, akatoa kitu chenye kutu. Akakipangusa kwenye suruali.

"Kina herufi E."

"Leta hapa!" Kadidja akakinyakua. Alikishika karibu na macho, akakigeuza, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayekutana na adui wa zamani sokoni. "Hii... hii ndiyo nilikuta kwa kiota cha kuku wangu! Kuku amelalia viazi tatu mwezi mzima, mi namletea maji, namsifu, kumbe anaatamia viazi! Na chini yake kizibo kama hii! Ni we?"

"Ni mimi, Mama Kadidja."

"Mungu wangu. Ni yeye," Kadidja akawaambia watu, kwa uchungu wa shahidi asiyetaka. "Ni yeye. Urbano hajui. Mtu wa heshima kama Urbano hawezi kufanyia kuku vile."

Vigingi viwili vilivyobaki vikang'olewa. Navyo vilikuwa na miguu myeusi, na vizibo viwili vikatoka. Madamu Theodosia alivitia vizibo vyote vitatu mfukoni.

"Hasara mliyokunywa siwezi kuirudisha," akasema. "Mpaka unarudi nilipopima. Matuta yaliyo ndani yanang'olewa leo, mbele yangu. Shamba la juu linabaki la mwenyewe, maana hakuhamisha yeye. Na huyu," akamtazama Emiliana, "atasimika vipya. Vikifa, atasimika tena. Kila likizo, mpaka viote."

Emiliana alimwendea baba yake. Alikuwa ametayarisha maneno tangu Karuzi. Urbano alikuwa bado anaitazama ile nafasi karibu na maji, ambapo vigingi vilikuwa vimelizunguka shamba lake kwa adabu.

"Kumbe serikali haikuniona," alisema.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa rahisi zaidi. Akavua koti, akalikunja, akalitundika kwenye kigingi cha karibu chenye majani, akashuka kwenye tuta la kwanza akaanza kung'oa. Nyanya zilikuwa zimeanza kuiva. Alizing'oa na mashina yake, akakung'uta udongo, akaziweka nje ya mpaka. Kasilda akaingia tuta la pili. Emiliana akaingia la tatu. Baada ya muda Kadidja naye akakunja kitenge akashuka, akinung'unika kuhusu kuku.

Mchana watu walikuwa wameondoka. Madamu Theodosia alikuwa ameacha fimbo tatu mbichi za umuvumu. Emiliana alizisimika pale kamba ilipoonyesha, ikipimwa kutoka kwenye lile jiwe, katikati ya yaliyokuwa matuta. Hakuzichoma. Chini yake hakuweka kitu. Alizikandamiza udongo kwa kisigino, akarudi nyuma, akatazama. Fimbo tatu, kimya. Hazikuonyesha kwamba ziko hai.

Simu ya baba yake ilikuwa imelia mara nyingi. Ilikuwa namba ya Gitega.

"Prefe wako," Urbano alisema. "Nimemwambia utarudi kesho, na kwamba nitakuja nawe. Amesema ana mengi ya kuniambia. Nimemwambia na mimi ninayo."

Emiliana aliitikia kwa kichwa. Mkono wake ukanyooka wenyewe kuelekea kigingi cha kwanza.

"Usikiguse."

"Nataka kujua kama kimeshika."

"Kimesimama sasa hivi. Kitashika nini?"

"Nikitikise kidogo tu."

"Ukikitikisa hakitashika. Hata mimi mtu wa Tanzania hilo nalijua."

"Sasa nitajuaje?"

"Utarudi Krismasi, utatazama."

Alivaa koti lake, akalisawazisha mabegani, akaanza kupanda kwenda nyumbani. Emiliana alibaki. Chini yake maji yalikuwa yakiingia kwenye bomba, kwenda kwa watu. Aliingiza mikono mifukoni ili isimponyoke. Ndani ya mmoja vidole vikakutana na kizibo, kilichobaki tangu shuleni, akaanza kukizungusha, kidole kikipita juu ya herufi, huku mguu wake ukicheza chini na kigingi kikiwa kimesimama mbele yake, bado bila jani.